Spika mpya kwa redio iliyokuja na gari: tazama desibeli kwanza, wati baadaye

Lalamiko ni lile lile: "Nimefunga spika mpya za wati 300, mbona sauti imekuwa ndogo kuliko za mwanzo?" Mwenye gari anamshuku fundi, fundi anasema spika ni feki, muuza duka anasema redio imechoka. Mara nyingi wote watatu hawana kosa. Spika ni nzima na redio ni nzima, ila haziendani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kubaki na redio ya kiwandani na kubadilisha spika peke yake. Nitachukua mfano wa gari tulizonazo wengi: Toyota ndogo ya mtumba kutoka Japani, IST au Vitz au Passo, yenye redio yake ya asili na spika za karatasi milangoni. Hesabu ni zile zile kwa Nissan, Mazda na Volkswagen. Hata redio za Android za kichina zinazowekwa badala ya zile za Japani hazikwepi hesabu hizi, na sababu yake iko mbele kidogo.

Andaa multimeta, bisibisi ya nyota, kipande cha plastiki cha kubandulia kava la mlango, rula, betri ndogo ya volti 1.5 na tepu ya umeme. Ukikuta spika zimefungwa kwa riveti, utahitaji na drili.

1. Jua redio yako inatoa wati ngapi za kweli

Ndani ya redio ya kawaida kuna chipu moja ya amplifaya inayolisha chaneli zote nne, yaani njia nne za kupeleka sauti kwenye spika. Chipu hiyo haina kitu cha kuipandishia volti. Inachopewa na betri ndicho kikomo chake, na injini ikiwa inaunguruma hicho ni kama volti 14.4. Hesabu ya nguvu safi inakwenda hivi: 14.4 mara 14.4, gawanya kwa mara mbili ya omu (Ω, kipimo cha ukinzani) za spika. Kwa spika ya omu 4 ni 207.36 gawanya kwa 8, unapata karibu wati 26. Hapo ni kwenye karatasi. Chipu yenyewe inapoteza volti kidogo njiani, kwa hiyo kinachofika kwenye spika kabla sauti haijaanza kukwaruza ni wati 15 hadi 20. Redio nyingi za kiwandani huishia chini ya hapo.

Sasa ile "50W × 4" iliyoandikwa mbele ya redio imetoka wapi? Chukua 207.36 uigawanye kwa 4 badala ya 8: 51.84. Ndiyo hiyo. Ni nguvu ya wimbi lililokatwa juu na chini mpaka likawa la mraba, yaani redio imefunguliwa mpaka mwisho na inapiga makelele badala ya muziki. Hakuna anayesikiliza hivyo, labda daladala fulani fulani.

Redio za Android nazo zipo hapo hapo. Nyingi zimefungwa chipu ya TDA7388 au ndugu zake. Chipu hiyo hutajwa kuwa ya wati 45 kwa chaneli ikisukumwa mpaka mwisho, lakini kwa volti 14.4 na omu 4 haifiki 30, tena hapo asilimia 10 ya sauti imeshaharibika. Ukiona boksi limeandikwa "4×60W", usihesabu 60. Volti ni zile zile za betri.

Kwa hiyo andika pembeni: wati 15 RMS, omu 4. RMS ni nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa au kuipokea mfululizo bila kuumia, nayo ndiyo namba pekee ya wati utakayoitazama kuanzia sasa. Na ukisikiliza gari likiwa limezimwa, betri inabaki na volti 12.6 hivi, nguvu inashuka kwa karibu robo. Ndiyo maana redio ile ile huanza kukwaruza mapema mkiwa mmeegesha ufukweni kuliko mkiwa barabarani.

Kuna gari ambazo hesabu hii haizihusu: zile zenye amplifaya ya kiwandani iliyojificha chini ya kiti au kwenye buti. Tazama wavu wa spika. Kama kuna nembo ya Bose, kama kwenye Mazda kadhaa na Nissan Murano, au JBL kwenye baadhi ya Harrier, au McIntosh kwenye baadhi ya Subaru Legacy na Outback, basi redio haiendeshi spika moja kwa moja. Kwenye Toyota unaweza pia kuthibitisha kwa namba za vipuri: redio huanza na 86120, spika 86160, amplifaya 86280. Ukikuta kifaa cha 86280, zingatia sana maelezo ya omu kwenye hatua ya 3, maana hapo ndipo watu huharibu vitu vya gharama.

2. Fungua mlango mmoja kabla ya kununua chochote

Watu hununua kwanza kisha ndiyo wanafungua mlango. Geuza utaratibu huo.

Kwenye Toyota nyingi kuna skrubu moja nyuma ya kitasa cha ndani, imefunikwa na kifuniko kidogo cha plastiki, na nyingine ndani ya shimo la kuvutia mlango. Bandua pia ile pembetatu ya plastiki iliyo karibu na kioo cha pembeni. Halafu anza kubandua kava kutoka chini, klipu moja baada ya nyingine, na mwisho liinue kwenda juu ili litoke kwenye ukingo wa kioo. Usilivute kwa hasira, kuna plagi ya swichi za vioo na waya wa kitasa nyuma yake. Klipu moja au mbili zitavunjika tu, hasa kwenye gari lililopigwa jua miaka mingi. Nunua za akiba mapema.

Sasa spika iko mbele yako. Chomoa plagi yake, ukiwa umezima redio. Soma nyuma ya sumaku: mara nyingi omu zimeandikwa hapo, na wakati mwingine wati. Usishangae ukikuta wati chache tu. Igonge koni kidogo kwa ukucha, ni karatasi nyepesi sana, na sumaku yake ni ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai. Usiidharau. Aliyeitengeneza alijua redio itatoa wati kumi na kitu, akatengeneza spika inayotikisika kwa wati hizo. Ile mpya ya duka yenye koni nzito na mpira mnene pembeni ilitengenezwa kwa ajili ya amplifaya. Ukiipa wati 15 inakaa kimya kimya, na hapo ndipo lalamiko la wati 300 linapozaliwa.

Pima omu. Weka multimeta kwenye 200Ω, gusanisha ncha zake mbili kwanza uone zenyewe zinasoma ngapi, kisha toa hiyo kwenye jibu lako. Mita hupima ukinzani wa koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, kwa mkondo mnyoofu kama wa betri, na huo huwa mdogo kidogo kuliko omu zinazoandikwa kwenye spika. Ukisoma kati ya 3.2 na 3.8, hiyo ni spika ya omu 4. Ukisoma kati ya 1.5 na 1.9, ni ya omu 2. Ukisoma 6 hadi 7, ni ya omu 8. Mita ikikataa kabisa kusoma, koili imekatika, spika imekufa.

Kama mlango au dashibodi ina twita ya pembeni, yaani spika ndogo ya sauti za juu, angalia waya wake. Mara nyingi utaona kapasita ndogo imechomelewa kwenye twita, kazi yake ni kuzuia besi isiingie humo. Kapasita hiyo pia huzuia mkondo mnyoofu wa mita, kwa hiyo usihangaike ukipima twita na usione kitu. Jambo la kukumbuka ni jingine: kwenye baadhi ya Toyota waya wa spika ya mlango hupitia kwanza kwenye plagi ya twita. Ukichomoa twita, mlango unanyamaza. Wengi wamewahi kubadilisha spika mbili nzima kwa sababu hiyo.

Kabla ya kurudisha kava, pima na ukubwa. Nitarudi huko.

3. Dukani: soma boksi kwa mpangilio huu

Iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, utaonyeshwa kwanza namba kubwa. "Kaka, chukua hii, wati 300, itapasua vioo." Mshukuru, kisha geuza boksi nyuma.

Tafuta kwanza namba yenye dB, yaani desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, mbele ya maneno 1W/1m au 2.83V/1m. Hiyo ndiyo sensitiviti: spika ikipewa umeme kidogo huo, inatoa sauti kiasi gani ukiisikiliza kwa umbali wa mita moja. Kwa spika za gari huwa kati ya 84 na 94. Hii ndiyo namba ya kukuamulia, na ndiyo inayoandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote.

Tuipigie hesabu. Wati zikiongezeka mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu. Zikiongezeka mara kumi, hupanda kwa 10, na hapo ndipo sikio la kawaida linaona sauti imekuwa maradufu. Redio yetu ya wati 15 inaongeza karibu desibeli 12 juu ya ile ya wati moja. Spika yenye 92 dB itafika 104. Spika yenye 86 dB itafika 98. Ili hii ya pili iifikie ya kwanza inahitaji wati 60, mara nne ya kile redio inachotoa. Redio haina wati 60 na haitakuwa nazo. Kwa hiyo ile ya 92 dB hata ikiandikwa "wati 40 RMS" itaishinda kwa mbali ya 86 dB iliyoandikwa "wati 100 RMS", kwenye gari hilo hilo na redio hiyo hiyo.

Kuna mtego mdogo hapa. Vipimo vya 1W na vya 2.83V havilingani. Kwa spika ya omu 8, volti 2.83 ni wati moja kamili. Kwa ya omu 4 ni wati mbili, namba inapanda kwa desibeli 3 bila spika kuwa bora. Kwa ya omu 2 ni wati nne, inapanda kwa 6. Spika ya omu 4 iliyoandikwa "91 dB, 2.83V" ni sawa na 88 dB kwa kipimo cha wati moja. Linganisha boksi zenye kipimo kimoja, au toa hizo 3 kichwani.

Kwa redio ya kiwandani mimi sinunui chini ya 90 dB kwa kipimo cha 1W, au 92 hadi 93 kwa kipimo cha 2.83V. Chini ya hapo ni pesa za spika ambayo itakulazimisha kununua amplifaya mwezi ujao. Na boksi lisiloandika sensitiviti kabisa, likajaza mbele nzima kwa "1000W", lirudishe kwenye rafu.

Namba ya pili ni omu. Kama ya zamani ilikuwa 4, nunua 4. JBL na Infinity hutengeneza na za omu 3, na zina mantiki yake: omu zikipungua, redio inasukuma umeme zaidi kidogo na sauti inapanda bila kugusa kitu kingine. Redio nyingi huzivumilia, lakini chipu inapata joto zaidi, hivyo soma kibandiko cha redio au kitabu cha gari kwanza. Omu 2 kwenye redio isiyo na amplifaya ya nje, usijaribu. Chipu itapata joto, itajizima yenyewe ikijikinga, itawaka tena, itajizima tena, na siku moja haitawaka. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayowakamata wanaounganisha spika mbili za omu 4 kwenye waya mmoja, sambamba: redio inaziona kama omu 2.

Kwa gari la Bose na wenzake mambo ni kinyume. Huko spika za kiwandani mara nyingi ni za omu 2 au pungufu, na amplifaya imepangiwa sauti kulingana na spika hizo hizo. Ukiweka za omu 4, nguvu inashuka nusu na sauti inapungua kwa desibeli 3, halafu besi inakaa vibaya. Ushauri wangu ni kutogusa mfumo huo isipokuwa spika imechanika. Ikiwa imechanika, tafuta ya mtumba ya gari lile lile au peleka kwa fundi wa kubadilisha koni. Kazi hiyo bado inafanyika vizuri mitaani na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, hasa ikiwa kilichooza ni ule mpira au povu la pembeni tu.

Namba ya tatu ni kiwango cha wati za RMS, na hapa angalia mwanzo wake kuliko mwisho. Boksi likisema spika inafaa "wati 5 hadi 50 RMS", hiyo ni yako. Likisema "wati 50 hadi 150", hiyo inamsubiri mtu mwenye amplifaya.

Nigusie na hofu moja ambayo muuzaji hupenda kuitumia: eti redio ndogo huunguza spika kubwa. Wati chache zikiwa safi haziunguzi kitu, la sivyo kila anayesikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya chini angekuwa ameshaunguza spika zake. Kinachoua ni kuifungua redio mpaka mawimbi yakatwe. Chipu ikifika hapo inaweza kutoa hadi mara mbili ya wati zake safi, na sehemu ya nyongeza hiyo huangukia kwenye sauti za juu, ndiyo maana twita hutangulia kufa. Kwa spika ya wati 50 RMS inayosukumwa na redio ya wati 15, hata hayo yakitokea spika kubwa itabaki salama. Twita ndiyo ya kuhurumia.

Kuhusu aina: spika yenye twita katikati yake inatosha na ni rahisi kufunga. Seti yenye twita za kujitegemea na boksi la kugawa sauti hupendeza zaidi masikioni, lakini nyingi zina sensitiviti ya chini na zinatamani amplifaya. Kama dashibodi yako tayari ina twita za kiwandani na umenunua spika zenye twita zake, zichomoe zile za dashibodi, ukikumbuka lile la waya unaopitia humo. Ukiziacha zote zikifanya kazi, omu zinashuka kwenye sauti za juu na gari linaanza kupiga "sss" kwa kila neno la mtangazaji.

4. Ukubwa na kina

Toyota ndogo nyingi huchukua spika ya sentimita 16, ile inayouzwa kama inchi 6 na nusu. Usiniamini, pima: tundu lenyewe, umbali kati ya matundu ya skrubu, na kina. Kina hupimwa kioo kikiwa kimeshushwa chote, kutoka kwenye bati mpaka kwenye kioo. Sumaku ya spika mpya huwa kubwa, na kioo kikiigonga kila unaposhusha utajua kwa nini nimesisitiza.

Spika ya kiwandani ya Toyota mara nyingi imeundwa pamoja na kikombe chake cha plastiki kinachoiinua kutoka kwenye bati. Mpya haina. Nunua pete za plastiki za gari lako. Wengine huchonga pete za mbao za MDF. Mlango huingia maji kila mvua, na MDF huvimba kama mkate kwenye chai, basi ukitumia mbao ipake rangi ya mafuta pande zote.

5. Kufunga

Zima gari, toa ufunguo. Ukiamua kuchomoa betri, hakikisha una namba ya siri ya redio, kwa sababu Honda na Volkswagen nyingi huidai umeme ukirudi.

Riveti zikatwe kwa drili polepole, vumbi la chuma ulifute lote. Sumaku ya spika mpya hulivuta, na likiingia kwenye koili sauti hukwaruza milele.

Usikate plagi ya gari. Kuna viunganishi vinavyouzwa vya kuunganisha plagi ya Toyota na spika ya kawaida, bei yake ni ndogo kuliko ya kosa. Ukivikosa, kata plagi ya spika ya zamani na uichomelee nyaya mpya.

Chanya na hasi usikisie kwa rangi. Chukua betri ya volti 1.5, gusisha nyaya za spika ya zamani kwa sekunde moja tu na utazame koni. Ikisukumwa nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikivutwa ndani, ni kinyume. Fanya hivyo hivyo kwa mpya, ingawa kwa kawaida mguu wake mpana ndio chanya. Spika moja ikipinduliwa, koni ya kulia inatoka wakati ya kushoto inaingia, na besi inafutika katikati ya gari. Hii nayo ni sababu kubwa ya "spika mpya hazina besi".

Halafu kuna jambo la hatari. Kwenye redio za leo nyaya zote mbili za spika zina umeme, kila mmoja unakaa karibu na nusu ya volti za betri. Waya hasi wa spika usiguswe na bodi ya gari hata kidogo. Mafundi waliokulia kwenye redio za zamani wana mazoea ya kuchukua hasi kwenye bati. Mwambie mapema, kabla hajaanza.

Sasa sehemu ambayo watu wengi huiruka, na inaongeza besi kuliko wati zozote unazoweza kununua. Spika ya mlangoni hutoa sauti mbele na nyuma, na sauti ya nyuma ikipata upenyo wa kuja mbele inaifuta ile ya mbele. Weka sponji laini kuzunguka ukingo wa spika, kati ya spika na pete na kati ya pete na bati. Ziba matundu makubwa ya bati. Ukipata shuka za butili zenye karatasi ya alumini, bandika kipande nyuma ya spika kwenye bati la nje na vingine viwili vitatu karibu yake, mlango uache kulia kama debe. Ile nailoni iliyobandikwa kwenye mlango irudishe ilivyokuwa, gundi yake ikiwa imekauka weka mpya. Imewekwa pale kuzuia maji, na mlango uliochanwa nailoni hulowesha zulia lote wakati wa masika.

6. Kujaribu kabla ya kurudisha kava

Tumia chanzo safi: CD, waya wa simu, au bluetooth. Usijaribu kwa stesheni ya FM kama gari lina ekspanda. Redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 90 MHz, sisi tunatangaza mpaka 108, na kile kidude kinachohamisha masafa huongeza mikwaruzo yake ambayo haihusiani na spika.

Weka besi na trebo katikati. Zima kile kitufe cha kuongeza besi, wati 15 hazitoshi kukilisha. Peleka sauti zote mbele, kisha sukuma kushoto na kulia, usikie kila spika peke yake. Rudisha katikati na upige wimbo wenye besi ya wazi: kama besi inaongezeka unaposukuma upande mmoja na inapotea ukirudi katikati, kuna spika iliyopinduliwa nyaya.

Washa injini, panda na sauti polepole. Mahali pale sauti ya mwimbaji inapoanza kuchakaa ndipo redio ilipoishiwa. Irudishe hatua mbili, iweke akilini namba hiyo, na usiivuke. Kama redio yako ina mpangilio wa kukata besi za chini kabisa, weka 80 Hz kwa spika za milango. Zitapumua, na utapata sauti ya juu zaidi kabla ya kuchakaa.

Kuna redio za kiwandani zinazopunguza besi zenyewe kadiri unavyopandisha sauti, ili kuzilinda spika za karatasi. Ukisikia hivyo baada ya kufunga mpya, hujakosea. Redio haijui kwamba umebadilisha.

7. Mbele au nyuma, na amplifaya

Bajeti ikiwa ya jozi moja, badilisha za mbele. Za nyuma ziache za karatasi na uzipunguze kwa fedi, mpangilio wa redio wa kugawa sauti mbele na nyuma, mwenye gari hukaa mbele.

Ukifuata haya yote na bado unataka zaidi, redio imefika mwisho wake, na spika nyingine haitasaidia. Amplifaya ndogo ya chaneli nne, wati 45 au 50 RMS kwa kila chaneli, yenye njia ya kupokea nyaya za spika moja kwa moja, hufungwa bila kuiondoa redio ya asili. Wati za amplifaya nazo zilinganishe na za spika kwa RMS, zikiwa zimepimwa kwa 14.4V na omu 4. CTA-2006, kanuni ya kupima wati za amplifaya, ikiandikwa kwenye boksi, namba hizo unaweza kuziamini. Hapo ndipo zile spika za 86 au 87 dB zinapopata kazi yake. Waya wake mkuu utoke kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 30 kutoka kwenye kichwa cha chanya, kabla waya haujapenya kwenye bati kuingia ndani ya gari.